Kisogo cha Catherine

Catherine alipomwona Mchungaji Mika anakuja, aliitua ndoo ya maji, akaruka mfereji na kutokomea kwenye mpunga. Mzee wa watu akabaki ukingoni, mkono wa salamu ungali umenyooka. Hii ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo.

“Mwe! Kweli nimemkosea mtoto wa watu,” alijisemea, akarudi nyumbani polepole.

Mwaka mmoja wa umisionari wa binti huyu kutoka Denmark ulikuwa unaishia pale Rujewa. Kesho yake gari la ofisi ya kanisa lilikuwa linakuja kutoka Iringa, ama limchukue yeye, ama lichukue jibu lake kwamba anabaki. Akiondoka, darasa la watoto viziwi linafungwa. Mwalimu mwingine hakuna.

Na katika darasa hilo alikuwamo Tusekile, mjukuu wa Mchungaji, mtoto wa mwanawe mkubwa na mkewe Faustina. Miaka minane mtoto yule alikuwa akimtazama babu yake hivi hivi tu, kama mtu anayetazama mvua. Mpaka siku moja alipomjia mbio, akajishika kidevu na kuvuta ndevu zisizokuwepo: babu. Mchungaji, mwanaume mzima aliyezika watu bila kudondosha chozi, alilia mbele za watu wala hakuona haya.

Sasa tazama alivyomlipa aliyemfanyia hayo! Wiki mbili nyuma, kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mdomo ulimponyoka: “Hawa wageni tunawajua. Wanakuja, wanapiga picha na watoto wetu, wanaondoka.” Catherine alikuwa amekaa pale pale, na Kiswahili anakijua. Alimtupia jicho Andendekisye, kitinda mimba wa Mchungaji, fundi seremala aliyechonga madawati ya darasa na kujifunza lugha ya alama upesi kuliko mtu yeyote pale. Wakasemezana kwa vidole, wengine wakabaki kutumbua macho. Siku chache baadaye amani ikaisha.

Zamani Catherine alikuwa akimpigia kelele tangu mbali, “Babu Mika! Umeamkaje?” na mkono anampa kwa nguvu utadhani anashika jembe. Sasa akimwona tu anageuza njia. Jumapili ndiyo iliyommaliza kabisa. Binti alisimama kanisani akawashukuru watu kwa majina, kuanzia mama mchungaji, Yunisi, aliyempa kitenge, mpaka mlinzi wa geti. Jina la Mchungaji hakulitaja. Kanisa zima liliona. Mzee alitazama viatu vyake mpaka wimbo wa mwisho.

“Nenda kamwulize nifanye nini anisamehe,” alimwambia mkewe jioni ile baada ya kukimbiwa mferejini.

“Mwache mtoto,” Yunisi alijibu huku anapepeta mchele, macho hakuinua.

“Nimwache aondoke? Na Tusekile je?”

“Nimesema mwache, baba. Unasikia?”

Alijaribu upande wa jikoni. “Mama Tusekile! Rafiki yako kakuambia kama anaondoka?”

“Sijasikia kitu, baba,” Faustina alijibu kutoka ndani, bila kutokeza.

Mchungaji akaona hana mtu wa kumsaidia nyumba nzima. Nyumba yake mwenyewe, na kila mmoja kama kaweka maji mdomoni! Iliuma, jamani.

Asubuhi gari likafika na kupiga honi mbele ya nyumba ya wageni aliyokaa Catherine. Mchungaji akavaa koti lake la ibada, akatoka mbio mbio. Njiani akakutana na Andendekisye, sanduku la Catherine begani.

“Kwa hiyo ni kweli,” mzee akasema.

“Baba, nilikuwa nataka kukuambia...”

“Unalipeleka kwenye gari?”

Andendekisye akalitua sanduku chini. “Haliendi mbali, baba.”

“Iringa si mbali kwako?” Mzee akamshika mkono. “Twende wote. Nitampigia magoti mbele ya dereva, mbele ya yeyote yule. Anitukane akitaka, lakini watoto asiwaache.”

Kijana akajifuta uso. Jasho lilikuwa linamtoka, na jua lenyewe lilikuwa halijapanda.

Hapo wakatokea wanawake wawili kwenye njia ya mfereji, ndoo kichwani. Wa mbele alikuwa Faustina. Alipomwona mzee, alifanya kile anachofanya kila siku tangu aolewe na mwanawe mkubwa, kama mila ya Wanyakyusa inavyomtaka mwanamke mbele ya baba mkwe, ambaye hata jina lake halitajwi. Akatua ndoo, akaacha njia, akachuchumaa kwenye majani na kumpa mgongo, kitenge kimemfunika kichwa.

Mchungaji alishazoea, hata hakumwangalia. Macho yake yalikuwa kwa wa nyuma, na maneno ya msamaha yalikuwa yameshamjaa mdomoni.

Catherine akatua ndoo. Akaacha njia. Akachuchumaa kando ya Faustina, akampa mgongo, akavuta kitenge cha Yunisi mpaka kichwani.

Dereva akapiga honi tena. Mchungaji akageuka taratibu kumtazama Andendekisye, ambaye ghafla alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa amevaa ndala.