Mgonjwa Haletewi Chungu

Chungu cha tatu kilipoingia wodini, Bi Shizue aliomba mkongojo wake. Si wa kutembelea. Alitaka kukivunja.

"Kiweke taratibu, Kanae," alimwambia mkwewe. "Nataka nikione vizuri wakati ninakipasua."

Kanae alikiweka dirishani, akainamisha kichwa, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa udongo. "Tafadhali yatunze maua haya, Mama. Nyumbani hayana pa kukaa." Akatoka mbio kuwahi basi.

Kwenye kitanda cha pili, Bi Masuyo, mgonjwa wa goti, alifyonya. "Hata mtoto wa chekechea anajua, shoga. Mgonjwa hupelekewa maua yaliyokatwa. Huyu kakuletea chungu! Tena cha kijiti kikavu!"

Kwa Kijapani, neno la mmea kushika mizizi ni lilelile la mgonjwa kushika kitanda. Ndiyo maana hakuna anayempelekea mgonjwa ua la chunguni, labda kama anamwombea asitoke. Na Bi Shizue, miaka sabini na tisa, nyonga imeungwa kwa chuma, alikuwa amekwisha kuambiwa na daktari kwamba huenda asitembee tena.

"Ananitakia nioze humu," alisema. "Atangoja sana. Mimi sishiki mizizi hapa."

Alikuwa na mahali pa kurudi. Mbele ya nyumba yake, aliyokaa na mwanawe na mkwewe kwenye mtaa wa mlimani huko Kure, kulikuwa na bustani isiyozidi upana wa mikeka minne, na alikuwa ameitumikia miaka arobaini na sita. Januari kupogoa, Februari mbolea, Machi magugu, na magugu hayana haya, ukiyapa kisogo yamerudi. Mgongo wake ulipindia pale, na asingeubadilisha na mgongo wa mtu yeyote. Katikati palikuwa na waridi alilolizalisha marehemu mumewe kwa mikono yake: jeupe, lenye doa jekundu ukingoni, utadhani mtu amejichoma kidole akilichuma. Hapakuwa na kichaka kingine kama kile duniani.

Asubuhi iliyofuata alishika vyuma vya mazoezi akapiga hatua mbili. Kesho yake nne. Wiki iliyofuata alimfukuza mtoa mazoezi aliyetaka kumshika kiuno.

Vyungu navyo vilizidi kuja, kila Jumatano na kila Jumamosi, baridi kali na theluji. Vingine havikuwa hata vyungu. Kimoja kilikuwa ndoo ya achari ya figili, kingine kopo la rangi. Vingine vilijaa udongo mtupu, bila hata kijiti.

"Leo kakuletea kaburi dogo," Bi Masuyo alisema.

Bi Shizue alitia kidole. Udongo mweusi, laini, wenye vipande vya maganda ya chaza. Aliujua. Maganda hayo aliyasaga yeye mwenyewe, kila mwaka, kwa nyundo.

"Mwizi!" alifoka. "Anachimba bustani yangu apate udongo wa kunilogea!"

Muuguzi Hirata alijitolea kuvipeleka vyote jalalani. Bi Shizue alimkatalia. Kuacha mmea ufe kwa kiu mbele ya macho yake ni jambo ambalo hakuwahi kujifunza. "Kijiti kina kosa gani? Mwenye kosa ni aliyekileta. Siku nikitoka namrudishia vyote, kimoja kimoja, mkononi mwake."

Akavipanga kwenye roshani ya jua mwisho wa wodi. Mwanzoni alivimwagilia akiwa kwenye kiti cha magurudumu, baadaye akijikokota kwa vyuma, mwishowe kwa mkongojo. Kijiti kilipochipua alikikemea. "Na wewe usijisahau. Hatukai hapa. Tunatoka wote."

Takuro, mwanawe, mume wa Kanae, alikuwa na kazi nyingi. Alipiga simu.

"Bustani niachie mimi, Mama. Ukirudi hutang'oa hata gugu moja."

"Waridi la baba yako umelipogoa?"

"Tayari, Mama. Lote."

"Usilikate chini mno."

Takuro alikohoa, akasema mkutano unaanza. Siku hizi hata ule ugomvi wao wa zamani wa mahali pa kuegesha gari pale nyumbani hakuutaja tena. Amekuwa mtu mzima, Bi Shizue aliwaza. Laiti angeoa mtu mzima mwenzake.

Mwishoni mwa Aprili alitoka wodini kwa miguu yake. Daktari alisema ni muujiza.

"Muujiza gani?" alisema Bi Shizue. "Ni hasira."

Vyungu kumi na tisa vilipakiwa nyuma ya kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Kile cha tatu, ambacho kijiti chake sasa kilikuwa na majani na tumba moja lililofumba kama ngumi, alikipakata mwenyewe mbele. Hicho ndicho angeanza nacho. Njia nzima ya kupanda mlima, jua likipiga kwenye kioo, aliyarudia maneno yake kimoyomoyo: Kanae, chukua laana zako, na mimi huyu hapa, nimesimama.

Kanae alikuwa akingoja nje, macho mekundu. Alifungua geti.

Bi Shizue alishuka, akasimama wima, akafumbua kinywa. Mbele yake, ukuta hadi ukuta, palikuwa na zege jeupe, na juu ya zege gari la Takuro. Mikononi mwake tumba lilikuwa limefunguka njiani kwa joto la kioo: jeupe, lenye doa jekundu ukingoni.