Anayewaonya Maharamia

Chungu kilikuwa bado kinatokota, lakini wapishi hawakuwapo. Askari walimimina risasi mikokoni kwa hasira, wakaambulia kunguru.

"Tena!" alifoka kapteni Mwingereza. Mwaka huo wote wa 1911 manowari yake iliwasaka maharamia waliopora meli za Bombay na Aden, na kila mara ilikuta majivu ya moto. Akamgeukia Faki, rubani na mkalimani wake. "Kuna anayewaonya. Tukiwakosa tena, nitajua ni wewe. Utaozea gerezani."

Faki alirudi Malindi damu ikimchemka. Yeye, aliyewapitisha Waingereza kwenye kila mwamba, leo ndiye msaliti! Kikulacho ki nguoni mwako, na Faki alishamjua: Gokaldas, Mhindi mwenye duka aliyeiuzia manowari mchele. Hakukosa kuuliza, "Safari lini, Faki bhai? Upande gani?"

Faki akampa kapteni shauri. Watangaze safari ya Ngomeni, kaskazini. Wakishapotea machoni pa watu, wageuke kusini hadi hori ya Mida. Hata askari wasiambiwe.

Alasiri akamnong'oneza Gokaldas, "Ngomeni, kesho. Usimwambie mtu." Gokaldas akaapa. Faki akatoka akicheka kimoyomoyo.

Kisha akapita kwao, maana mtu haendi baharini bila radhi za mama.

"Nikuombee wapi, mwanangu?" aliuliza Bi Tumu, mkono wake kichwani mwa Faki. "Dua haiombwi kwa kubahatisha."

Mama hadanganywi. "Mida, mama. Kwenye mikoko ya Dabaso."

Kesho yake manowari ikaelekea kaskazini, ikageuka, ikashusha mashua Mida. Wakakuta majivu, yana moto vilevile! Faki nusura alie.

Alikuwapo mtu mmoja tu, mguu umevunjika, wenziwe wamemtupa. Faki akamkaba shingo. "Nani kawaambia? Gokaldas?"

"Simjui huyo," mtu yule akasema, akihema. "Kuna bibi mmoja Malindi. Kila manowari ikitaka kutoka, hupika wali wa sadaka, akala mwenye njaa yeyote. Nasi huenda. Jana alimwombea mwanawe arudi salama kutoka Mida hii, huku analia. Wallahi alitutia huruma, tukaitikia amina sote."

"Anasemaje?" akauliza kapteni, pingu mkononi.