Petroli ya Gari la Umeme

Baba aliingiza gari letu la umeme kituo cha mafuta, akampa mhudumu wa pampu noti mbili, naye akaingia nazo ofisini.

Mama, fundi cherehani wetu, akanigeukia: "Mwanangu, baba yako ana homa?"

"Kuchaji nyumbani kunakula robo tu ya hela ya petroli," Baba akasema. "Inayobaki nikikaa nayo, nitaitafuna. Huyu ndugu yangu ananiwekea."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kupapasa tundu la sindano."

Mhudumu akarudi na bahasha inayonuka mafuta, imevimba kama shavu lenye jino bovu. "Shemeji, hela ya upasuaji wa macho imetimia."

Mama akaikumbatia.

"Asante, kichaa wangu," akamwambia Baba. "Sasa washa gari kabla sijalia mbele ya watu."