Kifaa cha Tano

Pigo la kwanza lilimvunja mwalimu Nirmal vidole viwili. La pili lilimpata begani, akaanguka chali kwenye ngazi, madaftari ya wanafunzi wake yakatawanyika mpaka chini.

"Unaniibia waifai, mshenzi wewe!" Tofazzal alifoka, gongo la kriketi likiwa juu tayari. "Kila siku! Adhana ya adhuhuri ikiisha tu, unaingia!"

"Nikuibie waifai ya nini, jirani? Mimi nafundisha hesabu kwa chaki!"

La tatu lilimpata mdomoni.

Tofazzal alikuwa na duka la rangi mjini Khulna, na mtaa mzima ulimjua kwa makufuli yake. Mlango wa chuma, nondo madirishani, kamera juu ya mlango. Asubuhi alipokwenda dukani alifunga kwa nje, mkewe Shefali akiwa ndani. "Dunia imejaa wezi," ndivyo alivyozoea kusema. Simu ya Shefali aliipasulia ukutani mwezi wa kwanza wa ndoa, kwa kuwa ilikuwa ikilia mno.

Wiki iliyopita alikuwa ameweka kwenye simu yake programu ya kumwonyesha kila kifaa kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani. Alitarajia vinne: simu yake, televisheni, kompyuta na kamera. Siku ya kwanza tu kikazuka cha tano. Hakikuwa na jina. Kiliingia baada ya adhana ya adhuhuri, kikakaa dakika mbili, kikatoweka. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu Tofazzal alikosea hata kuchanganya rangi ya mteja.

Akampigia fundi aliyemfungia mtandao.

"Badilisha neno la siri, bosi, yaishe," fundi alisema. "Unatumia lile lile lililobandikwa chini ya ruta tangu kiwandani. Halafu kuta zako ni zege tupu, mawimbi hayafiki mbali. Huyo mwizi wako yuko karibu."

Karibu. Ghorofa ya juu aliishi Nirmal, mwanamume asiye na mke, na mara mbili Tofazzal alikuwa amemsikia akimsalimu Shefali kupitia dirishani. Tofazzal hakutaka kuambiwa zaidi. Jumatano hiyo hakufungua duka. Alimngoja kwenye ngazi.

"Mwache! Si yeye!"

Shefali alikuwa amesimama kwenye mlango ambao mumewe aliuacha wazi, bila hata mtandio kichwani. Tofazzal aligeuka polepole.

"Umejuaje kuwa si yeye?"

Shefali alimtazama Nirmal, aliyekuwa akitema damu na kipande cha jino. Akalitazama gongo.

"Nakuuliza, umejuaje?"

Alimkamata nywele akamburuta ndani. Majirani waliokuwa wakichungulia walisikia kishindo, kisha kingine, kisha mlango wa chuma ukajifunga. Walishuka, wakamnyanyua mwalimu, wakampeleka hospitali. Mlango ule hakuna aliyeugusa.

Jasho lilikuwa bado linamtiririka Tofazzal alipoketi kubadilisha neno la siri. Alitunga refu, herufi na tarakimu ishirini na mbili, akaliingiza kwenye vifaa vyake vyote vinne, akalikariri, hakuliandika popote. Kisha akaiweka simu mezani na kusubiri.

Adhana ikaadhiniwa, ikaisha. Vifaa vinne. Dakika tano zikapita, kumi, nusu saa. Vinne.

"Nimemkomesha!" alisema, akicheka peke yake. "Umeona? Nilikwambia. Mwizi hasikii mpaka apigwe."

Shefali alikuwa amekaa sakafuni jikoni, jicho moja limevimba mpaka likafumba. Jicho lililobaki lilikuwa limeikazia ruta kule juu ya rafu, taa zake za kijani zikipepesa.

"Pakua chakula. Na samaki mwenye mayai umwekee mumeo."

Alikula wali kwa mkono uliochubuka vifundo, akalala usingizi mzito.

Kesho yake asubuhi mlango ulibishwa. Haikuwa ngumi, ilikuwa chuma juu ya chuma. Tofazzal alifungua kamera kwenye simu yake: nyeusi tii, mtu ameifunika kwa kitambaa. Ndugu zake Nirmal, aliwaza. Akalichukua gongo, akafungua kufuli.

"Haya, njooni! Nani anaanza?"

Aliliinua gongo, lakini hakuwahi kulishusha. Bapa la kisu kipana lilimpiga kifundo cha mkono, mfupa ukalia, gongo likaanguka. Kabla hajapiga yowe alikuwa amebanwa ukutani, makali yamegusa koo.

Walikuwa wanawake wanane, wapasua samaki wa soko la ng'ambo ya mto, magamba yamewakaukia mikononi, kila mmoja na kisu chake. Mbele yao alisimama mama mfupi, mwenye mvi, ambaye Tofazzal hakumruhusu kukanyaga hapo tangu siku ya harusi. Mama mkwe wake.

"Yuko wapi mwanangu?"

"Wewe... nani kakuita hapa?"

"Kila adhuhuri Shefali huniandikia neno moja," mama alisema, "kwa simu isiyo na laini niliyomshonea ndani ya mto wa kulalia wa harusi. 'Nipo.' Jana halikuja."