Shandeli ya Kushoto

Firmin aliegemeza magongo yake ukutani, akalisukuma lori kwa bega. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Halikutikisika.

"Upande wa kuume iko sawa," alisema. "Sasa kushoto."

Delphin, ambaye alikuwa amekwisha kutandika kartoni yake chini ili aingie kazini, akacheka. "Ndugu yangu, uko napima sana. Tunabadilisha resori za nyuma tu. Kriki inatosha."

"Kriki ni ya kunyanyua. Ya kubeba ni shandeli."

Katika ua ule wa mtaa wa Muhumba hakuna aliyebishana naye juu ya hilo. Miaka mitatu iliyopita, hapohapo, Firmin aliingia chini ya lori hilihili akiamini kwamba mdogo wake, Jacques, ameshaweka shandeli, ile nguzo ya chuma, upande wa kushoto. Kriki ikashuka polepole, kama mzee anayeketi. Mguu wake mmoja ukabaki hospitali. Shandeli ilikutwa imesimama ukutani.

Jacques aliapa kwamba aliiweka kwa mikono yake kabla ya kwenda kununua bulo za magurudumu sokoni Kadutu. Aliapa siku mbili, mbele ya mama yao na mbele ya padri. Siku ya tatu Bibiane, mke wa Firmin, alimwita jikoni waongee taratibu, ili ndugu wapatane. Jacques alitoka huko macho yamekuwa mekundu.

"Ni mimi nilisahau," akasema.

Firmin alimwambia asikanyage tena kwake. Kesho yake Jacques alipanda gari la kwenda Mwenga, akaenda kuchimba dhahabu. Hakurudi hata siku mama yao alipozikwa.

Delphin ndiye aliyebaki. Siku ya ajali, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa anatoka Mudaka, akawakuta watu wanapiga kelele, akambeba rafiki yake mgongoni hadi barabarani. Tangu hapo ndiye anayeendesha lori na kuleta chakula nyumbani. Ndiye anayemshika Firmin mkono kwenye ngazi za kanisa. Watoto wa Firmin, Joviale na wadogo zake, wanamwita tonton, yaani mjomba.

Firmin aliketi kwenye kigoda, akaipakata shandeli ya pili, ile ya kushoto iliyokutwa ukutani. Rangi yake ilikuwa bado mpya. Fundi wa kuchomelea aliitengeneza siku moja kabla ya ajali, na baada ya ajali Firmin aliifungia ndani, hakutaka mtu aiguse. Leo ndiyo mara ya kwanza kuitoa. Alitaka kuishusha kidogo, lakini pini iliyoshikilia kimo chake ilikuwa imekaza. Alivuta mpaka vidole vikauma.

"Usivute," Delphin alisema, akipangusa mikono kwa kitambaa. "Hiyo haitoki kwa kuvuta. Hata siku ile niliigonga kwa chini mara mbili ndiyo ikatoka."

Firmin alichukua nyundo. Akagonga kwa chini. Mara moja. Mara mbili.

Pini ikatoka.

"Siku gani?" akauliza.

Kule penye makaa, Bibiane aliacha kumenya viazi.

"Siku... zile za zamani," Delphin alisema.

"Shandeli hii haina siku za zamani. Ilitumika siku moja tu."

Firmin hakupaza sauti. Aliteremka kwenye kigoda, akajikokota hadi kwenye ekseli, akaiweka shandeli mahali pake na kurudisha pini. Alifungua kriki kidogo kidogo mpaka uzito wote ukakaa juu ya chuma. Akakagua mawe yaliyozuia magurudumu ya mbele. Kisha akajiinua kwa gongo moja, akalisukuma lori kwa bega mara tatu.

"Iko nguvu," alisema. "Ingia."

Delphin aliitazama kartoni. Akautazama mkono wa Firmin, uliokuwa karibu na kriki. Muda mfupi tu uliopita alikuwa tayari kulala chini ya kriki peke yake, akicheka. Sasa lori lilikuwa limesimama imara kuliko nyumba, na hakuthubutu kuingiza hata mguu.

Walitazamana mpaka Delphin akainamisha kichwa.

Firmin aliutazama mgongo wa Delphin ulioinama. Mgongo ule uliombeba! Angeweza kupiga mtu kwa nyundo iliyokuwa chini karibu naye. Aliiacha hapo, akachukua gongo la pili, akaenda kuliegemea lango na kutafuta kwenye simu namba ambayo hakuwahi kuifuta.

Bibiane alikuwa amesimama, kisu bado mkononi. "Papa Joviale, unapigia nani?"

Alibonyeza namba. Simu iliita kwa muda mrefu. Ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mtu kukawa na kelele za mashine za kusaga mawe.

"Jacques, ni mimi. Yaya yako, kaka yako mukubwa."

Kelele zikapungua. Jacques alikuwa amesogea pembeni.

"Unisamehe, mudogo wangu," Firmin alisema. "Nimejua leo. Wewe uliiweka. Ni Delphin aliitoa."

Upande wa pili Jacques alianza kulia, kilio cha mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Mungu asifiwe, yaya," alisema. "Nilibeba ile kosa ili nyumba yako isivunjike. Miaka mitatu niko namuomba Bibiane akuambie yeye mwenyewe."