Gari la Hildegarda Halingurumi

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshaliegemezea mabega lile gari dogo, wakilisukuma kuelekea kwenye lori lao, Hildegarda aliporuka ndani na kushika usukani.

"Shuka, shemeji," mdogo wa marehemu mumewe alisema. "Tulikubaliana. Lisipowaka leo, linauzwa."

Marehemu ndiye aliyeng'oa injini ya petroli na kulifungia mota ya umeme, hapahapa Kilosa, watu wakimcheka. Alipofariki likabaki bandani mpaka kuku wakatagia kwenye siti. Mimi nilikuwa mpita njia tu. Nilipoliona nikasahau nilikokuwa nakwenda. Nikahangaika na betri, nikakwangua nyaya mpaka shaba ikang'aa.

Hildegarda akazungusha ufunguo. Kimya.

"Limekufa hili!" jamaa wa chuma wakacheka. "Mama, kaa humohumo, tutakupima kilo pamoja nalo. Haya, sukuma!"

Mimi nilikuwa nimeinama, macho kwenye tairi la mbele. Lilikuwa linatafuna kokoto, tena kwa haraka kuliko wale walivyokuwa wanasukuma.

"Liachieni!" nikapiga kelele. "Halingurumi hilo! Limeshawaka!"

Gari likawachomoka mikononi, wote wakaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Hapakusikika mlio wowote, ila kicheko cha Hildegarda.

Shemeji yake akakimbia sambamba na dirisha, kandambili moja imeshamvuka.

"Nijibu!" Hildegarda alimwambia. "Limewaka, halijawaka?"

"Limewaka, shemeji, limewaka! Basi simama!"

Akakanyaga zaidi.