Bomba la Kwenda Kigali

Taifa zima lilikuwa limemtuma Waliaula Kigali, kwenye kongamano la uhandisi la wanafunzi wa Afrika Mashariki. Ukweli ni kwamba shule ilimtuma mwenzake, msichana wa mtaa wa Manyatta aliyeunda bomba la kuvuta maji ya ziwa. Waliaula alikuwa mbeba sanduku.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa Kisumu, askari alilizuia sanduku. Akapitisha kidole polepole juu ya maandishi mekundu ya kifuniko: BOMU.

"Madam, hii ni nini?"

"Ni bomba, afande. La maji."

"Mimi nasoma bomu."

Msichana akainama, akasoma. Foleni nzima ikarudi nyuma. Kipaza sauti kikawaita abiria wa mwisho.

"Hamsafiri mpaka mkubwa wangu aje."

"Ndege itatuacha, afande! Nimeliunda mwaka mzima!"

Askari akamgeukia Waliaula. "Na wewe kijana, mbona umeuma midomo? Unaficha kicheko?"

Alikuwa akikificha tangu mlangoni. Sasa kilikuwa kimekwisha, na machozi ya mwenzake yalidondoka juu ya kifuniko.

"Afande," akasema, "yeye aliandika bomba. Mimi nilifuta 'ba'. Hiyo 'u' ni yangu."